Matabaka Matatu na Adui Jasho: Kuivika Familia kwa Siku ya Theluji

Nguo haina joto lake. Koti zito lililotundikwa katika nyumba isiyowashwa moto lina ubaridi uleule wa ukuta lilikotundikwa. Joto lote analolisikia aliyelivaa limetoka mwilini mwake, katika chakula alichokula na misuli inayofanya kazi, na kazi ya nguo ni kulizuia lisitoroke haraka, kama hotipoti inavyotunza wali uliokwisha kuiva. Kinacholizuia si uzi wenyewe bali hewa iliyotulia katikati ya nyuzi. Ndiyo sababu nguo tatu za unene wa wastani, zilizovaliwa moja juu ya nyingine, hushinda koti moja nene: kati ya nguo na nguo hubaki hewa, na mvaaji anaweza kupunguza moja akabaki na mbili.

Kanuni hiyo ya matabaka matatu ni elimu ya kila nyumba nchini Norway, nchi ambayo watoto wa chekechea hutolewa nje kucheza hata siku za baridi kali, na shule hutenga siku ambayo darasa zima huenda kuteleza kwenye theluji. Familia zinazozungumza Kiswahili zimo katika maisha hayo, zikiwamo za Wakongo waliotoka Kivu na kupitia kambi za Tanzania na Uganda kabla ya kupewa makazi Ulaya ya kaskazini. Wenzao walioko Minnesota, Kanada au Sweden hukutana na jambo hilohilo: mtoto anarudi na barua ya shule inayosema kesho ni siku ya skii, avae nguo za joto. Barua haisemi nguo za joto ni zipi. Mzazi aliyekulia Uvira au Tanga, kwa upendo wake wote, humjazia mtoto fulana mbili za pamba, sweta na koti kubwa, na mtoto hurudi jioni akitetemeka.

Kosa si uchache wa nguo. Kosa ni pamba na jasho.

Mwili hupoteza joto kwa njia nne. Hulimwaga hewani, upepo ukilichukua; hulipitisha kwenye kila kitu baridi unachokigusa, iwe kiti cha chuma au theluji yenyewe; hulitoa kwa mnururisho bila kugusa chochote; na hulipoteza kwa jasho linalokauka. Njia hii ya mwisho ni neema ya Mungu katika joto la Mombasa, lakini mlimani ni hasara. Tena nguo iliyolowa huongeza madhara ya njia ya pili, kwa kuwa maji hupitisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa. Nafasi ndogo zilizokuwa na hewa ndani ya kitambaa zikijaa jasho, kitambaa hicho hakihifadhi tena joto la mwili, kinalinyonya.

Skii hutoa jasho kwa namna yake. Anayeteremka mlima hufanya kazi ngumu dakika chache, mapaja yakimwaka moto, kisha hukaa kwenye lifti ya viti inayoning'inia juu ya bonde na kumrudisha kileleni, hana pa kujikinga, upepo unampiga kifuani. Jasho la kuteremka humgandia wakati wa kupanda. Anayekwenda masafa marefu kwenye njia tambarare hana lifti, lakini hutoa jasho jingi zaidi, maana mchezo huo hutumia mikono, miguu na mgongo kwa pamoja. Washindani wake huvaa nguo moja nyembamba ya kubana hata kwenye baridi kali, kwa sababu mwili unaokimbia hivyo unajitosheleza kwa joto. Hatari huanza wanaposimama. Katika Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, bingwa wa Norway Bjørn Dæhlie alimaliza mbio za kilomita 10 kisha akabaki kwenye mstari wa mwisho kumsubiri Philip Boit, Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi, aliyefika wa mwisho, akamkumbatia. Ulikuwa uungwana mkubwa, na Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Kwa mtu wa kawaida, kusimama kwenye theluji na nguo zilizolowa jasho kunahitaji koti jingine juu yake mara moja.

Upepo nao hubadilisha hesabu ya kipimajoto. Kwa kanuni inayotumiwa na Marekani na Kanada tangu 2001, hewa ya nyuzi 10 chini ya sifuri ikichanganyika na upepo wa kilomita 30 kwa saa humpoza mtu usoni kana kwamba ni nyuzi 20 chini ya sifuri. Mtelezaji wa kawaida hufikia mwendo huo bila taabu, kwa hiyo hata siku tulivu hujitengenezea upepo wake. Urefu wa mlima huongeza jambo: kwa wastani hewa hupoa nyuzi 6 au 7 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Aliyeangalia hali ya hewa ya mjini bado hajajua ya kileleni.

Watu wa kaskazini hawakungoja maabara kuyajua haya. Roald Amundsen, Mnorwe aliyeongoza kundi la kwanza kufika Ncha ya Kusini mwezi Desemba 1911, alijifunza kuvaa kutoka kwa Wainuit wa jamii ya Netsilik alipokaa katika nchi yao, kaskazini mwa Kanada, miaka michache kabla. Wao walivaa mavazi mawili ya ngozi za kulungu wa nchi za barafu, la ndani likiwa na manyoya yaliyoelekea mwilini na la nje yakielekea nje, yote mapana, ili hewa ikae katikati na mvuke wa jasho upate pa kutokea. Mwaka 1933 afisa wa jeshi la Norway, Henrik Brun, alitengeneza fulana kutokana na nyavu kuukuu za kuvulia samaki. Matundu ya wavu yalishika hewa karibu na ngozi na kuruhusu jasho lipite hadi kwenye nguo ya pili. Fulana za aina hiyo zinauzwa hadi leo, na kwa mtu wa pwani anayejua wavu ulivyo mwepesi, hakuna ushahidi mzuri zaidi kwamba kinachotia joto ni hewa na si uzito wa nguo.

Tabaka la ndani ndilo lenye uzito mkubwa katika jambo zima, ingawa ndilo lisiloonekana kwenye picha. Ni fulana ya mikono mirefu na suruali ndefu ya kubana, vyote vikigusa ngozi bila kuacha mikunjo. Kazi yake ni kuondoa jasho mwilini. Pamba haifai hapa. Hunyonya maji mengi, huyashikilia, na hukauka polepole. Sifa hizo hufanya kanga na shuka ziwe nzuri mahali penye joto, lakini kwenye theluji humwacha mtu amevaa kitambaa chenye maji baridi siku nzima. Suruali ya jinzi ni pamba. Fulana ya kawaida mara nyingi ni pamba. Soksi za shule aghalabu ni pamba. Hata chupi ya mtoto, ikiwa ya pamba nene, hulowa kwanza.

Mahali pake huchukuliwa na sufu au poliesta. Sufu laini ya kondoo wa merino haiwashi kama masweta ya zamani, na inaweza kubeba unyevu hadi karibu theluthi moja ya uzito wake kabla haijahisiwa kuwa imelowa. Isitoshe, huendelea kutunza joto ikiwa na unyevu, na hukawia kunuka. Poliesta hainyonyi karibu chochote. Maji huenea juu ya nyuzi zake na kukauka upesi, bei yake ni ndogo, na hustahimili mashine ya kufulia. Harufu ndiyo kasoro yake. Kwa familia yenye fedha kidogo ya kununua nguo mpya, hapa ndipo pa kuiweka: fulana na suruali ya ndani ya sufu kwa kila mtoto ina faida kuliko koti la bei kubwa lililovaliwa juu ya pamba.

Tabaka la kati ni ghala la joto. Sweta ya sufu bado ni hodari. Nguo ya flisi, ile yenye manyoya mafupi laini iliyobuniwa Massachusetts mwaka 1979 kwa nyuzi za poliesta, ni nyepesi, hukauka haraka, na ndiyo inayowafaa zaidi watoto kwa kuwa inafuliwa mara nyingi bila kuharibika. Jaketi lililojazwa manyoya ya kifuani ya bata au bukini hutoa joto kubwa kuliko kitu chochote chenye uzito huohuo, lakini likilowa manyoya hushikana na ghala huwa tupu. Kwa hiyo ni nguo ya baridi kavu, au ya kuvaliwa wakati wa mapumziko. Watoto wanaobingiria kwenye theluji wavikwe lililojazwa nyuzi za viwandani. Tabaka hili ndilo linaloongezwa na kupunguzwa: jua likiwaka, flisi moja inatosha au haihitajiki, baridi ikizidi, huvaliwa mbili.

La nje ni ukuta dhidi ya upepo na theluji. Halihitaji kuwa nene. Linahitaji kuzuia maji ya nje yasiingie huku likiruhusu mvuke wa jasho kutoka, kazi mbili zinazopingana, na vitambaa vinavyoziweza vilianza na ugunduzi wa Bob Gore mwaka 1969, aliyevuta plastiki ya aina ya tefloni hadi ikawa utando wenye matundu madogo mno. Tone la maji haliwezi kupita katika matundu hayo, bali mvuke hupita. Koti la mvua la plastiki tupu huzuia vyote viwili, na aliyelivaa hulowa kwa jasho lake. Koti zuri la skii lina zipu chini ya makwapa za kupitisha hewa, utepe kiunoni wa kuzuia theluji isipande mgongoni anapoanguka mtu, na kofia inayoenea juu ya helmeti. Suruali ya nje ina kitambaa cha ndani chenye mpira kinachobana juu ya buti. Kwa watoto wadogo ovaroli ya kipande kimoja ni bora kuliko koti na suruali, kwani haina mwanya kiunoni, ingawa mzazi aliyewahi kumpeleka chooni mtoto aliyevaa ovaroli atakumbuka kumwuliza kabla ya kutoka nyumbani.

Usafi wa vitambaa hivi una kanuni zake. Dawa ya kulainisha nguo isitumike: huacha utando unaoziba njia ya jasho, katika poliesta na katika koti la nje vilevile. Matone ya maji yakiacha kuteleza juu ya koti na kuanza kuzama, linahitaji kufuliwa na kupakwa upya dawa ya kufukuza maji; si lazima kununua jingine.

Baridi huanzia ncha za mwili. Mwili unapohisi upungufu wa joto hubana mishipa ya damu ya vidole na kuipeleka damu kwenye moyo, mapafu na ubongo. Kwa hiyo vidole baridi mara nyingi ni habari ya kifua baridi, na dawa yake ya kwanza ni kuongeza nguo kiwiliwili. Glovu za kidole gumba peke yake na vidole vinne pamoja hutia joto kuliko za vidole vitano, kwa kuwa vidole hupashana. Kwa mtoto hilo si la kubishaniwa. Zifungwe kwa kamba inayopita ndani ya mikono ya koti, na jozi ya pili ikae kwenye begi, maana ya kwanza italowa.

Miguuni, soksi ni jozi moja tu, nyembamba, ya sufu au poliesta, inayofika chini ya goti. Wazazi wengi huvaa mbili wakidhani wanaongeza joto. Buti la skii ni gumu na halitanuki. Soksi ya pili hubana mguu, damu haipiti, na mguu hupoa zaidi kuliko ungekuwa na soksi moja. Suruali ya ndani isichomekwe ndani ya buti, kwa kuwa mkunjo wake huumiza muundi.

Kuhusu kichwa, husemwa kwamba nusu ya joto la mwili hutokea huko. Si kweli. Kichwa ni takriban asilimia 10 ya ngozi yote ya mwili, na vipimo vilivyofanywa kwa watu waliozamishwa katika maji baridi vimeonyesha kwamba joto linalopotea huko linakaribia kiasi hichohicho. Kofia inahitajika kwa sababu kichwa na masikio ndiyo sehemu zinazobaki wazi wakati kwingine kote kumefunikwa. Kwenye mteremko kofia hiyo ni helmeti, na chini yake mzula mwembamba, si mnene, ili helmeti ikae sawasawa. Hapa pana jambo ambalo mafundi wa maduka ya Ulaya si wote wanalolijua: nywele za kusuka au rasta nene hubadilisha kipimo cha helmeti. Msichana aende kupima akiwa na msuko atakaokuwa nao mlimani, mistari ikilazwa bapa na kushushwa kisogoni, bila fundo utosini. Anayevaa hijabu atafaa kwa hijabu ya michezo ya kubana, ambayo hufanya kazi ya mzula na ya kinga ya shingo kwa pamoja, ncha zote zikichomekwa ndani ya koti. Skafu ndefu haifai kwa yeyote, mtu mzima au mtoto, kwa kuwa inaweza kunaswa na lifti. Kitambaa cha duara kinachovaliwa kichwani hadi shingoni ndicho salama.

Macho yapewe miwani mikubwa ya theluji. Theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale mikali ya jua, na miale yenyewe huongezeka kadiri mtu anavyopanda. Ngozi nyeusi nayo huungua kwa miale hiyo, hasa chini ya pua na kidevu, kwa hiyo mafuta ya kukinga jua ni ya kila mtu.

Jambo jingine kuhusu ngozi linastahili kusemwa waziwazi, kwa sababu familia nyingi hazijawahi kuambiwa. Tafiti za majeshi ya Marekani na Uingereza zimeonyesha mara kwa mara kwamba askari wenye asili ya Kiafrika huumizwa na baridi, vidoleni na miguuni, mara nyingi zaidi kuliko wenzao weupe waliovaa sare ileile mahali palepale. Mishipa ya vidole vyao hujibana kwa nguvu zaidi na huchelewa kufunguka. Isitoshe, dalili zinazofundishwa, kwamba ngozi inakuwa nyekundu kisha nyeupe, hazionekani hivyo kwa mtoto mweusi. Ngozi yake hupauka na kuwa ya kijivu, hupoteza mng'ao, kisha hukakamaa, na maumivu yaliyokuwapo hunyamaza. Mtoto aliyekuwa akilalamika vidole vinauma na ghafla akaacha, bila kupashwa joto, akaguliwe mara moja. Vidole vyake viwekwe kwapani mwa mtu mzima, au katika maji ya uvuguvugu wa nyuzi 37 hadi 39 mara wafikapo ndani. Visisuguliwe, na kamwe visisuguliwe kwa theluji. Visikaribishwe moto, kwa kuwa kidole kilichokufa ganzi huungua bila kujua. Ganzi isipoondoka au malengelenge yakitokea, ni kazi ya daktari.

Watoto kwa jumla hupoa haraka kuliko wazazi wao. Mwili mdogo una ngozi nyingi ukilinganisha na uzito wake, na akiba yake ya chakula ni chache. Mtoto anayetembea na kucheza avae kama mzazi wake. Aliyeketi kwenye kijisleji au mgongoni mwa mtu mzima aongezewe tabaka zima, kwani mzazi anayemvuta ana joto la kazi na yeye hana. Mikono si kipimo kizuri cha hali yake. Mzazi aingize vidole nyuma ya shingo yake: pakiwa pana joto na pakavu, yuko sawa, pakiwa na jasho, apunguziwe, pakiwa baridi, aongezewe na alishwe kitu. Uji mtamu au chai ya maziwa ndani ya chupa ya kutunza joto ni sehemu ya mavazi yake. Ndani ya gari, mambo hugeuka. Koti nene chini ya mkanda wa kiti cha mtoto huacha nafasi ambayo hujionyesha wakati wa ajali, mkanda ukiwa umelegea. Avuliwe koti, afungwe mkanda, kisha afunikwe koti hilo kwa juu.

Gharama isiwe kikwazo. Watoto hukua haraka, kwa hiyo makoti na ovaroli za skii zilizotumika msimu mmoja hujaa kwenye maduka ya mitumba ya Norway, na mtandao wa BUA huazimisha skii, buti na helmeti bila malipo. Mitumba hiyo husafiri mbali: makoti ya skii kutoka Ulaya na Amerika huishia Gikomba, Nairobi, na katika soko la Memorial mjini Moshi, ambako wapagazi wa Kilimanjaro huyatafuta kwa kazi inayowatoa kwenye msitu wenye joto hadi mahali penye barafu. Anayesafiri kutoka Afrika Mashariki kumtembelea ndugu wakati wa baridi anaweza kununua huko tabaka la kati na la nje kabla hajapanda ndege. Akague zipu, achungulie mishono kwa ndani kama utepe wa kuzuia maji haujabanduka, na ajimwagie maji kidogo begani. Buti na helmeti za mitumba aziache: helmeti iliyowahi kugongwa haionyeshi ufa, na buti lisilolingana na mguu huharibu siku nzima.

Asubuhi ya safari, tabaka la ndani huvaliwa nyumbani na mengine hubebwa. Kumvika mtoto yote sebuleni ni kuanza siku kwa jasho. Anayetoka nje asikie baridi kidogo dakika 10 za kwanza, kisha mwendo umpashe. Mlimani, koti hufunguliwa kabla ya jasho na tabaka huongezwa kabla ya kutetemeka, hasa kabla ya kupanda lifti na kabla ya kuketi kula. Begi la familia libebe fulana kavu moja kwa kila mtoto, soksi, glovu na flisi ya ziada. Anayetetemeka bila kukoma, akaanza kujikwaa, kusema kwa kukokota au kutaka kulala, joto la mwili wake linashuka kuelekea chini ya nyuzi 35. Aingizwe ndani, avuliwe vilivyolowa, afungwe blanketi, na akiwa anaweza kumeza apewe kinywaji chenye sukari, huku msaada ukiitwa. Kanuni za mlimani za Wanorwe zinasema si aibu kugeuza na kurudi, na mzazi asiyekuwa na uhakika ana haki ya kurudi hata akiwa ameteremka mara moja tu.

Jioni, buti hufunguliwa na soli zake za ndani kutolewa, glovu na makoti hutundikwa mbali kidogo na moto, na fulana za sufu huanikwa usiku kucha, ili siku ya pili kila mtu aanze akiwa mkavu.